Mbegu za nyanya na mboga za kienyeji: Urithi unaodumu kwa kugawanywa

KATIKA soko la Chwele, Kaunti ya Bungoma, na katika soko la mjini Kitale, nyanya zinazopangwa mafungu mafungu hufanana karibu zote: ndefu kiasi, ganda gumu, zenye kustahimili safari ya lori hadi miji ya mbali. Lakini nyuma ya nyumba za wenyeji, kando ya zizi na karibu na shimo la takataka, huota nyanya za namna nyingine. Hizi ni ndogo, za mviringo, zenye ganda jepesi na ladha kali inayojulikana na kila aliyelelewa kijijini. Aghalabu hazikununuliwa dukani. Ama zimeota zenyewe kutokana na tunda lililoanguka, ama zimepandwa kwa mbegu zilizokaushwa juu ya kipande cha karatasi na kuwekwa jikoni.

Nyanya hizo, pamoja na mboga kama saga, mrenda, mitoo, mnavu na kunde, ndizo ambazo wakazi wa magharibi mwa Kenya huziita za kienyeji. Uhai wake hutegemea jambo moja tu: kwamba awepo mtu wa kuzipanda, kuzivunia mbegu na kumgawia jirani. Mbegu ya kampuni ikiharibika shambani, mkulima hurudi dukani akanunua pakiti nyingine. Mbegu iliyorithiwa ikiharibika katika nyumba moja, na hakuna jirani aliyepewa, imetoweka.

Makala haya yanaeleza mbegu hizo ni zipi, zinavyotolewa na kuhifadhiwa, zinavyogawanywa, na kile ambacho sheria ya nchi inasema kuhusu ugawaji huo.

MBEGU YA KIENYEJI NI IPI?

Mbegu ya kurithiwa ni ile ambayo imepokezanwa kizazi hadi kizazi, na ambayo ikipandwa huzaa mmea unaofanana na mzazi wake. Mkulima anaweza kuitoa mwenyewe msimu baada ya msimu bila kuona mabadiliko makubwa katika umbo, rangi au ladha.

Kinyume chake ni mbegu chotara, ambayo kwenye pakiti huandikwa F1. Hiyo hupatikana kwa kuchavusha aina moja kwa chavua ya aina nyingine. Kizazi cha kwanza huwa na nguvu na hufanana chote. Hata hivyo, mkulima akitoa mbegu katika matunda ya kizazi hicho, miche itakayoota itatofautiana: mmoja utafuata wa kuumeni, mwingine wa kukeni, na mwingine hautafanana na yeyote. Anna F1 na Kilele F1, ambazo ni maarufu miongoni mwa wakulima wa nyanya nchini, ni za kundi hili.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba si kila mbegu ya dukani ni chotara. Cal J, Rio Grande, Marglobe na Money Maker huuzwa katika pakiti, lakini si chotara. Baadhi yake ni za umri mkubwa: Marglobe ilitolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka wa 1925, na Money Maker ilitoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Nyumba iliyopanda Money Maker na kuitolea mbegu kwa miaka mingi imekwisha kuifanya kuwa yake, kwa kuwa kila mwaka huchagua tunda lililostahimili mvua na udongo wa hapo.

Wala nyanya yenyewe si mmea wa asili ya Afrika. Chimbuko lake ni Amerika Kusini, katika eneo la milima ya Andes, na Wahispania ndio walioipeleka Ulaya katika karne ya 16. Nchini Marekani, wakulima wa bustani za nyumbani walioona aina za kale zikipotea waliunda mwaka wa 1975 chama cha kubadilishana mbegu kinachojulikana leo kama Seed Savers Exchange. Mojawapo ya mbegu zilizowapa waanzilishi wake wazo hilo ilikuwa ya nyanya, iitwayo German Pink, iliyopokewa kutoka kwa babu katika familia.

UTAJIRI WA MAGHARIBI MWA KENYA

Kilicho cha asili zaidi katika bustani za Bungoma na Trans Nzoia ni mboga za majani. Mboga moja huwa na majina mengi, na hilo si jambo dogo kwa anayetafuta mbegu. Saga, ambayo kwa Kiswahili sanifu ni mgagani, Wakalenjin huiita saget. Mrenda ni murere kwa Waluhya na apoth kwa Wajaluo. Mnavu ni managu kwa Wakikuyu, osuga kwa Wajaluo na lisutsa kwa Waluhya. Mitoo huitwa pia miroo.

Hata ndani ya jina moja mna aina tofauti. Kuna mitoo chungu, yenye majani membamba na maua ya manjano iliyokolea, na kuna mitoo isiyo chungu, yenye maua ya manjano hafifu na maganda manene. Mpishi wa Kibukusu hazichanganyi. Vivyo hivyo mrenda na kunde hupikwa kwa munyu, yaani maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo hulainisha majani. Mbegu ikipotea, mapishi yanayoandamana nayo hayakai muda mrefu.

Mji wa Kitale una hali yake ya kipekee. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi katika Trans Nzoia yaligawanywa, na familia kutoka sehemu mbalimbali za nchi zikaja kununua ardhi na kufanya makazi. Kila familia ilikuja na mboga iliyoizoea. Ndiyo maana katika mtaa mmoja leo mtu anaweza kukuta saga ya Mkalenjin, mitoo ya Mluhya na managu ya Mkikuyu zikitenganishwa na ua wa michongoma tu.

Mboga hizi zilidharauliwa kwa miaka mingi na kuitwa chakula cha maskini. Mtazamo huo ulianza kubadilika katika miaka ya 1990, watafiti walipoonyesha kuwa zina madini na vitamini nyingi kuliko kabeji. Miongoni mwao ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtaalamu wa kilimo cha bustani wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye mwaka wa 2010 alitunukiwa tuzo ya sayansi ya Umoja wa Afrika. Desemba 2021, shirika la UNESCO liliutambua mpango wa Kenya wa kukuza vyakula vya kiasili na kuuweka katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi wa utamaduni.

KITALE, MAKAO YA MBEGU ZA KAMPUNI

Ni jambo la ajabu kwamba mazungumzo kuhusu mbegu za kienyeji yamepamba moto Kitale, kwa kuwa mji huo ndio chimbuko la mbegu za kisasa nchini. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka wa 1956, na kituo cha utafiti cha Kitale ndicho kilichotoa mahindi chotara ya H611 mwaka wa 1964. Mahindi hayo na yaliyoyafuata yaliigeuza Trans Nzoia kuwa ghala la taifa.

Lakini historia ya H611 ina funzo. Mzazi mmoja alitokana na mahindi yaliyokuwa yakilimwa Kitale. Mzazi wa pili aliitwa Ecuador 573: mahindi ya kienyeji yaliyoletwa kutoka nchini Ecuador, Amerika Kusini, ambako wakulima wa kawaida walikuwa wameyatunza kwa vizazi vingi. Bila wakulima hao kuhifadhi mbegu yao, mtaalamu wa Kitale hangekuwa na cha kuzalishia.

Kwa hivyo mbegu ya kampuni na mbegu ya kibuyu si maadui. Kampuni hutoa mazao mengi na uhakika wa ubora, na siku hizi huuza pia pakiti za managu na saga. Mwenye kibuyu hutunza tofauti ambazo kampuni haina faida ya kuzitunza. Si mbali na mji huo, Kituo cha Kilimo cha Manor House kimekuwa kikifundisha tangu mwaka wa 1984 kilimo kisichotegemea kemikali, ambacho kutoa mbegu shambani ni sehemu yake.

JINSI YA KUTOA MBEGU YA NYANYA

Nyanya ni rahisi kwa anayeanza, kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe. Ni nadra chavua ya mmea wa pili kuingia. Mita tatu hadi tano baina ya aina mbili hutosha kwa mahitaji ya nyumbani. Aina nyingine za kale, hususan zile zenye matunda madogo sana, huchomoza sehemu ya kike nje ya ua, na hizo ni vyema zitengwe zaidi au kichala cha maua kifunikwe kwa kitambaa chepesi hadi matunda yaanze kutunga.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mmea, si tunda. Tunda zuri katika mmea mgonjwa halifai. Mkulima huufunga uzi mmea ulio imara, uliozaa mapema na usioshikwa na ugonjwa, ili watoto wa nyumbani wasichume matunda yake kwa ajili ya mchuzi. Ni heri mbegu itoke katika mimea sita au zaidi, wala si katika mmoja pekee.

Tunda huachwa liive hadi lilainike. Kisha hukatwa, na mbegu hukamuliwa pamoja na ute wake ndani ya gilasi au kopo. Huongezwa maji kidogo na kuachwa kivulini kwa siku mbili au tatu mpaka utando wa ukungu utokee juu. Kuchachuka huko huondoa ute unaozuia mbegu kuota, na hupunguza baadhi ya bakteria wanaosafiri na mbegu. Zikiachwa zaidi ya hapo, mbegu zitaanza kuota humo humo.

Baadaye humwagiwa maji mengi. Mbegu nzima hutuama chini. Pumba na mbegu tupu huelea na kumwagwa. Zilizobaki huoshwa katika chujio na kuanikwa kwenye sahani au ungo, mahali penye hewa lakini pasipo na jua kali. Karatasi laini haifai kwa kuwa mbegu hung'ang'ania.

Wakazi wa Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, wana tatizo ambalo wenzao wa nyanda za chini za Bungoma hawalioni sana. Baridi na unyevu huleta ugonjwa wa kuozesha majani na matunda kwa wiki moja. Wengi hupanda mimea ya mbegu karibu na ukuta, chini ya upenu, ambako mvua haiyalowanishi majani.

MBOGA ZA MAJANI ZINA MASHARTI YAKE

Si kila mboga ni mpole kama nyanya. Mrenda, mnavu na kunde pia hujichavusha kwa kiasi kikubwa. Lakini mchicha huchavushwa na upepo, na ukiwa karibu na mchicha wa magugu, mbegu zake huchanganyika upesi. Saga, mitoo na malenge hutembelewa na wadudu. Mwenye malenge ya aina mbili humlazimu kufunga ua la kike jioni kabla halijachanua, kulichavusha kwa mkono asubuhi, na kulifunga tena.

Kwa mboga zinazochanganyika, mimea michache haitoshi. Ishirini au zaidi ndiyo idadi ya chini inayofaa, la sivyo kizazi hudhoofika. Hapa ndipo wengi hukosea: huchuma majani hadi mwisho, kisha huacha mimea miwili iliyochoka itoe mbegu. Inapaswa kutengwa sehemu ya shamba isiyochumwa kabisa.

Saga ina tabia inayowakatisha tamaa wageni. Mbegu iliyovunwa karibuni huota kwa shida, na huhitaji kupumzika miezi kadhaa. Anayeigawa na asiseme hivyo huonekana ametoa mbegu mbovu. Mrenda nao una ganda gumu. Mbegu zake hufungwa katika kitambaa na kuchovywa kwa sekunde chache katika maji yaliyotoka kuchemka kabla ya kupandwa.

KUHIFADHI

Adui wa mbegu ni unyevu, joto na wadudu. Wazee wa magharibi mwa Kenya waliziba njia zote tatu kwa vitu vya nyumbani. Mbegu zilichanganywa na majivu, zikatiwa katika kibuyu au chungu, na mdomo ukazibwa. Nyingine zilitundikwa juu ya meko, ambako moshi ulifukuza wadudu.

Nyumba nyingi leo zinapikia gesi au makaa na hazina moshi wa kudumu. Kopo la kioo lenye kifuniko kinachobana hufanya kazi hiyo, mradi mbegu zimekauka sawasawa. Majivu makavu yaliyofungwa katika kitambaa na kuwekwa chini ya kopo hunyonya unyevu uliosalia. Mbegu ya nyanya iliyohifadhiwa hivyo mahali pa baridi huweza kuota hata baada ya miaka minne. Kabla ya kugawa mbegu ya zamani, ni adabu kuijaribu: mbegu kumi huviringishwa katika kitambaa chenye maji na kuhesabiwa zilizoota.

KUGAWANA

Kwa jadi, mbegu za mboga zilikuwa mikononi mwa wanawake. Bibi arusi alikwenda kwa mumewe na mbegu za kwao, na mgeni aliyesifu mboga hakuondoka mikono mitupu. Utaratibu huo ulikuwa bima. Nyumba iliyokumbwa na ukame, mafuriko au moto ilirudi kwa yule iliyempa na kuomba.

Udhaifu wa utaratibu huo ni kwamba maelezo yalikaa kichwani mwa mtoaji. Bibi akifariki, kopo hubaki na mbegu zisizo na jina. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa sababu hiyo, kila mbegu inayotolewa inafaa iandamane na kikaratasi chenye mambo manne: jina lake katika lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, imetoka wapi, mwaka wa kuvunwa, na jinsi inavyopandwa au kupikwa.

Jambo la pili ni ugonjwa. Ni salama zaidi kumpa jirani mbegu kuliko mche. Mche wa nyanya hubeba udongo, na udongo hubeba mnyauko wa bakteria, ambao ukiingia katika bustani hukaa miaka. Majani nayo huweza kubeba mayai ya nondo wa Tuta absoluta, mdudu aliyeingia nchini mwaka wa 2014. Hata hivyo, mbegu si salama kabisa, kwa kuwa baadhi ya virusi husafiri nayo. Mmea wenye majani yaliyojikunja au madoadoa ya njano usitolewe mbegu.

Jambo la tatu ni deni. Katika benki nyingi za mbegu za kijamii, anayekopa kikombe kimoja hurejesha viwili baada ya mavuno. Shirika la Seed Savers Network, lililoanzishwa Gilgil mwaka wa 2009, limesaidia vikundi vingi vya wakulima kuunda benki za aina hiyo. Juu ya hizo ipo Benki ya Jeni ya taifa huko Muguga, iliyoanzishwa mwaka wa 1988, ambayo huhifadhi katika ubaridi makumi ya maelfu ya sampuli. Lakini mbegu iliyo katika jokofu haizoei mvua mpya wala mdudu mpya. Ile ya shambani huzoea.

SHERIA INASEMAJE?

Kwa miaka mingi desturi hii ilitembea pembeni mwa sheria. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ilipitishwa mwaka wa 1972, na ikafanyiwa marekebisho mwaka wa 2012. Wakulima walilalamika kwamba vifungu vyake viliharamisha kuuza na kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa, kukiwa na adhabu ya hadi faini ya Sh1 milioni, kifungo cha miaka miwili, au vyote viwili. Mbegu za kienyeji hazikuwa na njia rahisi ya kusajiliwa, kwa kuwa usajili hudai mimea ifanane kabisa, na tofauti ndiyo nguvu ya mbegu hizo.

Wakati uo huo Kenya ilikuwa imetoa ahadi nyingine. Mwaka wa 2003 ilijiunga na mkataba wa kimataifa kuhusu mbegu za chakula, ambao unatambua haki za wakulima. Nayo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 11, inalitaka Bunge kutunga sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na matumizi yake na jamii za Kenya.

Mwaka wa 2022, wakulima wadogo 15 waliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu ya Machakos. Mnamo Novemba 2025, Jaji Rhoda Rutto aliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi, kubadilishana na kuuza mbegu zao vilikiuka Katiba. Uamuzi huo haukufuta sheria nzima.

Mahakama imeondoa hofu, lakini haiwezi kuirejesha mbegu iliyokwisha kupotea. Kazi hiyo imebaki mashambani. Mvua za masika huanza magharibi mwa Kenya mwezi Machi, na miezi inayotangulia ndiyo ya kwenda kwa wazee na kuuliza kuna nini katika kopo lililo juu ya kabati, kinaitwaje na hupikwaje. Atakayepewa apande, atoe mbegu, kisha awagawie watu watatu wanaoishi mbali naye, ili mvua ya mawe inayoangamiza bustani ya mmoja isizifikie za wengine.